Tusiwaache watoto nje ya Kwaresima

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Hili jambo nimekaa nalo tangu Jumatano ya Majivu na sahii tuko wiki ya tatu ya Kwaresima, nikizidi kungoja Pasaka itafika na maneno yangu yatakuwa yamepitwa. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mikindani, Mkatoliki wa kuzaliwa, na nawaandikia hasa wazazi wenzangu wa hapa Mombasa, Wakatoliki, watu wa ACK (Kanisa la Anglikana) na wengine wote wanaoshika Kwaresima, kwa sababu naona watoto wetu tumewaacha nje na sisi wenyewe tumeingia tukafunga mlango.

Mwaka huu wa 2026 mambo yamekutana. Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18 na Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyo hiyo, kwa hivyo ploti yetu nzima iko kwenye mfungo, sisi kivyetu na majirani kivyao. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna familia ya Kiislamu, na mtoto wao ni rafiki sana wa mwanangu wa kati ambaye ana miaka 9. Huyo mtoto anafunga nusu, yaani anaamshwa daku pamoja na wakubwa, anakaa mpaka adhuhuri ndo anakula, na siku ingine akijisikia ana nguvu anavuta mpaka alasiri. Mamake hamlazimishi hata kidogo. Lakini akimaliza ile nusu yake unamwona vile anatembea hapo uani, kifua mbele, na jioni futari ikitoka yeye ndiye anatumwa alete kisahani cha kaimati kwetu. Mwanangu aliyaangalia hayo siku mbili tatu halafu akaja jikoni akaniuliza, "Mama, na sisi tunafunga nini?" Nilikuwa nakuna nazi, nikamjibu bila hata kugeuka, "Wewe bado mdogo, hayo ni mambo ya wakubwa." Akasimama pale kidogo kisha akasema, "Sasa mbona na mimi nilipakwa majivu?"

Mhariri, nilishuka kwa mbuzi nikaiacha ile nazi. Sikuwa na jibu. Manake ni kweli, padri hakumruka, alimpaka msalaba kwenye paji la uso kama alivyonipaka mimi na akamwambia maneno yale yale, kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Tumempeleka mtoto kwenye mstari, ameambiwa neno zito ambalo hata mtu mzima likimwingia sawasawa hapati usingizi, halafu tukirudi nyumbani tunamwambia hayamhusu.

Wengi wetu tunajificha nyuma ya sheria. Sheria ya Kanisa inasema kuacha nyama kunaanza miaka 14, na kufunga kwenyewe ni kuanzia miaka 18 hadi 59, basi tunasikia hapo tu tunatosheka. Lakini kanuni ile ile, ya 1252 kwenye Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inaendelea na kusema wachungaji na wazazi wahakikishe hata wale ambao umri wao haujafika wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Wazazi wametajwa pale. Hawakutajwa wachungaji peke yao, na mimi miaka yote hii nilikuwa nimemwachia katekista, yaani mwalimu wa dini kanisani, kila kitu, tena katekista mwenyewe ana watoto mia hivi Jumapili na saa moja tu ya kuwafundisha.

Basi nikaamua kuanza upya, na nilianza na majivu yenyewe kwa sababu hapo ndipo swali lilipotoka. Nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu hapo sebuleni kulikuwa na msalaba wa kuti wa mwaka jana, ule ambao ulifaa urudishwe kanisani kabla ya Kwaresima lakini tukasahau. Kwetu Pwani matawi ni makuti ya mnazi, lile kuti changa laini, na Jumapili ya Matawi watoto wanakaa wakisokota misalaba mpaka misa inaanza. Huu ulikuwa umekauka umekuwa rangi ya kahawia, ukiushika unavunjika. Nikawaita wote watatu nje, nikauweka kwenye kibati nikauwasha. Ulishika mara moja, ukatoa ule moshi wa makuti tunaoujua wote, haukumaliza hata dakika, kikabaki kijivu kidogo kama cha kijiko kimoja cha chai. Nikawaambia yale majivu ya kanisani yanatoka hapa, ni matawi ya mwaka uliopita yanachomwa. Yule wa miaka 9 akauliza, "Haya ndo nilipepea nikisema Hosana?" Nikamwambia ndio, na wale watu waliomshangilia Yesu na matawi Jumapili, Ijumaa ile ile walikuwa wanapiga kelele asulubiwe, na sisi pia tuko hivyo, leo tunamshangilia kesho tunamwacha. Hakusema kitu. Alitia kidole kwenye kibati akajichora msalaba mgongoni mwa mkono, na mkono huo hakuunawa mpaka alipolala. Sijawahi kusikia mahubiri yamemwingia mtoto vile.

Kesho yake tukaingia kwa hesabu. Nilikata kamba ya katani nikawaambia tufunge fundo moja kwa kila siku mpaka Pasaka na kila usiku baada ya sala tutafungua moja. Huyu wa kati akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu toka Februari 18 mpaka Aprili 4, akarudia, akaja kuniambia kwa upole kabisa kwamba Kanisa limekosea, si 40 ni 46. Nilifurahi sana manake kumbe anafuatilia. Nikamwambia toa Jumapili zote kwa sababu kila Jumapili ni sikukuu ya ufufuko na haiwi siku ya kufunga, akatoa zote 6, ikatoka 40 kamili. Mafundo ya Jumapili tukayafunga uzi mwekundu, na siku hizo chai ina maziwa na mahamri yapo.

Na hiyo arobaini yenyewe wazazi wa Pwani hatuna haja ya kuitafuta mbali. Neno Kwaresima limetoka kwa Kilatini, quadragesima, maana yake ya arobaini, na arobaini mtoto wa huku anaijua kabla hajaenda shule. Mdogo wangu alijifungua mwaka jana na watoto waliona vile alikaa ndani arobaini, haendi sokoni, anakandwa, analetewa uji, na siku ilipotimia akatoka na mtoto amevikwa vizuri watu wakafurahi. Babangu alipofariki waliona vile tulimaliza arobaini ndo watu wakatawanyika. Nikawauliza, kwani zile siku shangazi yenu alikuwa anafanya nini ndani? Wakasema alikuwa anapata nguvu, alikuwa anamngojea mtoto akomae. Nikawaambia basi Yesu jangwani ni vivyo hivyo, siku 40 anajiandaa kwa kazi kubwa, na Musa alikaa mlimani siku 40, na Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu kwa nguvu za mkate na maji aliyopewa na malaika. Yule mdogo wa miaka 5 akauliza kama Yesu naye aliletewa uji. Nikamwambia malaika walikuja kumhudumia mwishoni, imeandikwa kwa Mathayo, na hilo jibu lilimtosha.

Sasa nije kwa kufunga, na hapa mimi mwenyewe nilikosea na nataka wengine wasirudie. Wiki ya kwanza nilizima tivi nikatangaza hakuna katuni mpaka Pasaka. Walinuna. Wakawa wanaenda kuchungulia dirishani kwa jirani, na mkubwa wangu wa miaka 13 akaacha hata kusali na sisi. Ikabidi nijiulize kosa liko wapi, na kosa lilikuwa kwamba wao hawakujinyima, mimi ndiye niliwanyima. Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha hayo mawili kwa herufi mbili tu na mimi sikusikia. Nikawasha tivi, nikawaomba radhi, nikawaambia kila mtu achague chake mwenyewe, kiwe kitu anachokipenda kweli, na asimwambie mwenzake kama hataki.

Yule wa kati alichagua mabuyu. Nje ya geti la shule yao kuna mama anauza mabuyu, achari na barafu, na mwanangu shilingi 10 yake ya kila siku ilikuwa inaishia pale, anarudi nyumbani ulimi mwekundu na vidole vyekundu mpaka nashindwa kufua zile kola. Akasema pesa ataweka kwa kopo. Siku nne alifaulu. Siku ya tano akaingia mlangoni amefunga mdomo, nikamsalimia akaitikia kwa kichwa, na nikajua. Mhariri, huyo mtoto alilia, si kwa sababu nilimgombeza, manake sikumgombeza. Alilia kwa vile aliona ameharibu Kwaresima yote, kama glasi ikishapasuka haiungiki. Nikamchukua tukaenda mbele ya zile picha za Njia ya Msalaba kwenye kitabu cha sala, nikamwonyesha kituo cha tatu, Yesu anaanguka. Nikamwonyesha cha saba, anaanguka tena. Cha tisa, anaanguka mara ya tatu. Nikamwambia hesabu vituo vyote, akahesabu 14, nikamwambia sasa angeachia kwenye cha tatu hivi vingine vingekuwepo? Kesho yake shilingi 10 ikaingia kwa kopo. Mimi nimekaa kanisani miaka 38 na ile maana ya kuanguka mara tatu niliipata siku hiyo nikimfundisha mtoto.

Kuhusu kopo nina jambo linaniuma na nitalisema wazi. Parokia moja tuliyokuwa tunasali zamani, watoto walikuwa wanapewa visanduku vya karatasi mwanzo wa Kwaresima, wanaweka senti zao, halafu wanavipeleka altareni kwa maandamano, watu wanapiga makofi, kwisha. Mkubwa wangu alikuwa na miaka 7, alijaza kisanduku chake mpaka kikapasuka pembeni tukakibandika selotepu. Akawa ananiuliza pesa zilienda wapi. Nikauliza wahusika, nikaambiwa zilienda ofisini. Mwaka uliofuata akauliza tena, jibu likawa lile lile. Mwaka wa tatu akakataa kisanduku. Simshtaki mtu kwamba pesa zililiwa, naamini zilifanya kazi nzuri mahali, lakini mtoto hawezi kupenda ofisi. Mtoto anampenda mtu mwenye uso.

Kumbuka hata Shirika la Utoto Mtakatifu, lile la kimisionari la watoto Wakatoliki, ambalo wengi hapa Kenya tunalijua kama PMC, lilianza hivyo. Askofu mmoja Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, mwaka 1843 aliwaomba watoto wa Ufaransa Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa China. Waliambiwa ni kwa nani. Watoto wawasaidie watoto, ndo lilikuwa wazo lake, na ni karibu miaka 183 sasa na bado linafanya kazi.

Kwa hivyo mwaka huu kwetu tumekubaliana kwa jumuiya, yaani kikundi chetu cha waumini majirani, kwamba makopo ya watoto yatafunguliwa mbele yao, watahesabu wenyewe mezani, na wataenda wenyewe dukani kununua unga, sukari, chumvi na sabuni, halafu watabeba wao kwa mikono yao kupeleka kwa bibi mmoja mzee anayeishi peke yake huku kwetu. Sisi wakubwa tutawafuata nyuma. Tayari wanabishana atanunuliwa sabuni ya kipande ama ya unga, na mmoja akasema bibi hana nguvu za kusugua, anunuliwe ya unga. Huyo mtoto keshaingia kwenye Kwaresima, hahitaji mtu amfafanulie.

Kuna jambo la samaki pia, manake sheria inakataza nyama tu, samaki wanaruhusiwa. Bara huko labda kuacha nyama Ijumaa ni kazi, lakini hapa Mombasa ukimpikia mtoto samaki changu wa kupaka na wali wa nazi ukamwambia leo tunajinyima, anakuangalia tu. Watoto wanaona. Sisi Ijumaa sasa ni sima na mchicha, ama kunde kavu bila nazi, na ile tofauti ya pesa inaingia kwa kopo usiku huo huo, mbele ya macho yao.

Lakini nisieleweke vibaya. Simwambii mtu yeyote amshindishe mtoto njaa. Mtoto anakua, mtoto ana shule, wengine wana sikoseli na magonjwa mengine, na hata jirani yangu ile nusu siku ya mwanawe anaiangalia kwa macho mawili, akiona macho yamelegea anampa maji na mambo yanaishia hapo. Tena kuna watoto hapa hapa Mombasa, darasa moja na wa kwangu, wanaokuja shule na chai ya rangi peke yake tumboni, ama hata hiyo hakuna. Mwalimu wa Sunday school akisimama mbele akasema kila mtoto aache chakula cha mchana amtolee Yesu, huyo mtoto atatoa nini? Atabaki akiona aibu. Kwa hivyo tuwape watoto njia nyingi, mmoja ajinyime mabuyu, mwingine amsamehe aliyemharibia daftari, mwingine amchotee nyanyake maji bila kutumwa, na yule asiye na kitu apewe kazi ya heshima, abebe msalaba Ijumaa.

Nimefika kwa Njia ya Msalaba, na hapa nawaomba mapadri wetu na viongozi wa makanisa madogo wanisikilize. Kila Ijumaa jioni tunakuwa pale, wakubwa tumepiga magoti na watoto wako nje wanakimbizana, ama wamelala kwenye benchi, na wakipiga kelele mtu anatoka kuwafukuza. Watoto wa miaka 8, 9 wanajua kusoma. Wape kituo cha sita wasome, Veronika anampangusa Yesu uso, mtoto mmoja ashike kitambaa. Wape kituo cha tano. Simoni wa Kirene hakujitolea, alishikwa tu akitoka shamba akalazimishwa, na mtoto anaelewa hilo kuliko sisi kwa sababu yeye kila siku anaambiwa beba begi la mdogo wako. Acheni washike mguu wa ule msalaba mkubwa wausikie uzito wake begani hata kama ni kituo kimoja. Misa itachelewa dakika 10, sawa, tutapanda matatu ya baadaye.

Na kwa jumuiya, tunaposoma kile kitabu cha Kampeni ya Kwaresima cha Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wetu, watoto huwa wamelala kwenye mkeka pembeni. Wiki iliyopita tulijaribu kuanza na swali moja la watoto kabla hawajasinzia, tukawauliza ni nani amewahi kuona mtu akionewa. Mikono yote ikainuka. Hatukufika ukurasa wa pili siku hiyo na hakuna aliyejuta.

Ombi langu la mwisho ni kwa Jumapili ya Matawi, Machi 29. Ukirudi nyumbani mpe mtoto mwenyewe aweke ule msalaba wa kuti mahali anapojua, aukumbuke, na mwakani kabla ya majivu yeye ndiye auchukue aurudishe kanisani kwa mkono wake.

Idd iko karibu kuliko Pasaka mwaka huu na wanangu wameshaambiwa na rafiki yao wajiandae kula pilau. Nao wamemwahidi mahamri ya Pasaka. Jana usiku kamba yetu ilibaki na mafundo 25. La jana lilikuwa zamu ya mdogo, lilikuwa limekaza sana, akakataa kusaidiwa, akalifungua kwa meno.

Mama wa watoto watatu,
Mikindani, Mombasa,
Machi 11, 2026